Alinipoteza Bombay, Leo Kanitafuta Malindi

Leo asubuhi mume wangu amemshika mkono mke wa mtu, hapa hapa sokoni Malindi.

Sikukasirika. Niliogopa.

Miaka ya themanini alinipeleka Bombay, ndoa yetu ina wiki mbili. Siku ya tatu tukatoka kuutembelea mji. Yeye mbele, mimi nyuma hatua tano, kama ilivyokuwa desturi kwetu. Anazungumza na wala hageuki.

Nikasimama kutazama bangili.

Kuinua macho, barabara nzima ni wanawake wa mabuibui meusi kama langu. Mume wangu anakwenda zake, nyuma yake yuko mwengine, naye anamhadithia habari za shangazi yake wa Kakuyuni. (Kwa Kiswahili. Maskini bibi wa watu.)

Nilimpata baada ya saa nzima, amekaa kando ya njia analia. Tangu siku ile hatembei bila kunishika mkono. Malindi walitucheka miaka na miaka.

Basi leo nimemwachia kidogo tu, nichague nazi. Nageuka, kamshika mkono mama mmoja mwenye buibui, machozi yanamtoka. "Alhamdulillahi, nimekupata. Nilidhani umenipotea katika mji wa watu."

Nikamgusa bega. "Baba Aisha, mimi hapa."

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akamuuliza yule mama, "Huyu bibi ni nani?"

Nyinyi wenye wagonjwa kama huyu nyumbani, hapo mlijibu nini?