Bodi Iliyoandikwa "Majaribio Tu"

Bodi ililia paa! kama chupa ya soda iliyopasuka. Moshi ukapanda, umeme ukakatika nyumba nzima. Banange! Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, sijui nimefikaje huko.

"Wewe, umeniulia mayai?" jirani yangu akauliza kutoka mlangoni.

Jirani huyo ni Mkenya, muuza vifaranga hapa Kasubi. Mashine yake ya kuangulia mayai ilikuwa imeungua bodi, ile inayowasha na kuzima taa kufuatana na joto. Mayai yenye mbegu yalikuwa yamejaa trei, na yakikaa siku nyingi bila joto ni ya kukaanga tu. Akaniletea mimi, maana mtu asiyetoka nyumbani hakosekani.

Kompyuta yangu ilikuwa na programu mbili za kuchorea bodi. Moja ya bure, yenye sura ya fomu ya kituo cha polisi. Nyingine ya leseni, inayong'aa, ambayo ningeionja mwezi mmoja kabla ya kulipia. Rafiki yangu wa Bugolobi, mtaa wa wenye pesa, alinishauri kwa simu: "Ssebo, kazi ya maana haifanywi na kitu cha bure." Mimi niliyeishia sekondari nikajiona mhandisi. Nikachagua inayong'aa.

Sisi tunaotengeneza bodi nyumbani tunachapisha mchoro, umegeuzwa kinyume, nyuma ya karatasi laini ya kalenda kuukuu. Kisha tunaupiga pasi juu ya bati la shaba. Wino unashika, na asidi inakula shaba isiyofunikwa. Kwenye karatasi niliona herufi hafifu zilizogeuka. Nikasema, hiyo ni miezi ya kalenda inaonekana kutoka upande wa pili. Hata zilipobaki kwenye shaba nilisema ni uchafu wa wino. Nikachomelea vifaa, nikachomeka waya ukutani kwa madaha. Ndipo ikalia ile paa.

Jirani aliokota bodi, akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hapa umeandika nini?"

"Sijaandika kitu."

"Umeandika. Kizungu. Maana yake 'Majaribio tu.'"

Nilimnyang'anya. Programu ya leseni, kwa kuwa sijailipia, ilikuwa imebandika onyo lake katikati ya mchoro, na mimi nimeligeuza kuwa shaba! Kila herufi ilikuwa waya, imeunganisha umeme wa ukutani na kila kitu.

"Angalau hukunidanganya," akasema. "Umetangaza mwenyewe kwamba unajaribu."

Jioni ile ile, umeme uliporudi, nilichora upya kwa ile programu ya bure. Karatasi niliiinua dirishani, nikaikagua kama noti ya bandia. Tulipowasha mashine, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Jirani akapanga mayai.

Wiki kadhaa baadaye aliingia bila hodi, akaweka kifaranga juu ya kibodi yangu.

"Haya, msalimie fundi."

Kifaranga kikanya papo hapo juu ya kibodi. Safari hii sikupanda kiti.