Mgeni Tuliyemkalisha Mlangoni

Nakumbuka siku moja kule Aija, mji mdogo wa pwani ng'ambo ya hori la Sur, mbali na Maskati, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipomwona mgeni kakalishwa mlangoni nikanyamaza. Nakuhadithia leo, mwanangu, kwa sababu Jumamosi unapanda ndege kwenda Uchina na hiyo kampuni yenu ya Wazungu, na jana nimekusikia kwenye simu ukisema kila kitu tayari, karatasi zimeshapigwa chapa. Karatasi! Hebu weka hiyo simu uketi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, sina muda mrefu tangu kuja kutoka Unguja, Kiingereza changu cha skuli kizuri, Kiarabu changu cha kuchekesha watu. Kampuni moja ya Waingereza pale Maskati ikaniajiri kupiga taipu na kufasiri. Mkubwa wangu, Mista Dikson, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na pupa. Alitaka kununua mapezi ya papa yaliyokaushwa kwa wafanyabiashara wa Sur, awauzie Wachina, ambao huyapikia supu kwenye harusi zao. Mimi, kwa kujionyesha, nikamwambia ami yangu Salim wa Aija analo ghala zima. Na ami, kwa kuamini neno langu, akamkatalia mnunuzi wake wa miaka yote, mtu wa Dubai. Ushaona? Wachina wakikataa, mzigo wote wa msimu ule unamwozea ndani, na aliyemponza ni mtoto wa nduguye.

Wachina wakaja wawili: Bwana Chen, mzee mkimya wa koti la kijivu, na mpwawe wa miaka thelathini na kitu, anayesema Kiingereza fasaha. Tulitoka Maskati alfajiri, tukapita Ibra, tukafika Sur na vumbi mpaka kwenye kope, tukavushwa kwa mashua. Kabla hawajaingia ndani nikamvuta ami pembeni. "Ami, hawa watu wa kazi, wana haraka. Usiwaweke na kahawa na kuulizana habari za ukoo mzima." Akaenda kuagiza kahawa vile vile.

Lo, ujinga ule! Nilikuwa naona haya na mila za kwetu mbele ya Mzungu.

Dikson akaingia wa mwanzo, akamshika mkono yule mpwa, akamkalisha juu kabisa, mahali pa heshima, ubavuni mwake, kwa kuwa ndiye aliyeelewana naye. Bwana Chen akabaki kwenye ukingo wa zulia, karibu na viatu. Wallahi niliona, mwanangu. Nyumba zetu zote, mkubwa hakalishwi mlangoni. Nikanyamaza. Dikson akatandaza mkataba wake kando ya sahani ya halwa, akatoa na kalamu kabisa. Mpwa akausoma polepole, akamtupia jicho mjomba wake, akatabasamu. "Ni mzuri sana," akasema. "Tutautazama. Huenda yakawepo matatizo madogo."

Dikson akafurahi, akaniambia tukifika ofisini nipeleke teleksi London kwamba mambo tayari. Na mimi niliyelelewa na watu wenye inshallah ya kuja na inshallah ya kutokuja, nikajua pale pale kwamba tumekataliwa. Nikaandika kwenye daftari langu: tayari.

Ami akaniita ukumbini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Yule mzee halwa hajaigusa," akasema. "Na kahawa keshakunywa vikombe tisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Anaona haya kukataa. Wewe Kiingereza unakijua, na adabu ya nyumba hii unaijua, na umekaa unaandika. Sasa ulikuja kufanya nini?"

Nililia, sikufichi. Nikajifuta kwa mtandio, nikamwita Dikson nje. Nikamwambia leo haturudi Maskati, akusanye karatasi zake. Akawa mwekundu, akaniuliza tangu lini mpiga taipu anampangia safari. "Nifukuze kesho," nikamwambia. "Leo unakaa." Nikasimama mlangoni, sikusogea mpaka alipokubali.

Ami mwenyewe akamshika mkono Bwana Chen, akampandisha juu. Kahawa ikaja tena, na mzee maskini akanyoosha kikombe mara ya kumi. Ami akaushika ule mkono na kikombe chake, akautikisa kushoto kulia, basi. Bwana Chen akakitazama kikombe, akamtazama ami, akacheka mpaka akavua miwani. Tukacheka nyumba nzima. Halafu ami akaanza kuuliza, mimi na mpwa tukifasiri: safari, uzima, wazee, watoto. Maswali yale yale niliyotaka ayaache. Mapezi hayakutajwa siku ile, wala kesho yake asubuhi. Dikson kila akitazama saa, namkazia macho.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Bwana Chen akaashiria ghala. Wakaingia wawili tu, yeye na ami, hawana lugha hata moja ya kusemezana. Nikachungulia. Mzee alichukua pezi, akaomba kisu kwa ishara ya mkono, akaikata nyama iliyoachwa shinani, ile inayooza njiani na kunuka. Kisha akampa ami kisu, naye ajaribu. Hilo ndilo tatizo dogo! Asingelisema mbele ya watu, amwaibishe mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Angeondoka akitabasamu, nasi tusingejua maisha.

Walipotoka, aliuomba mkataba mwenyewe. Ami akayasafisha mapezi yote upya, mzigo ukaenda. Dikson hakunifukuza. Safari iliyofuata aliniuliza kabla hatujatoka: mkubwa wao nani, akae wapi, kadi yangu ya jina nimpe vipi. Kwa mikono miwili, nikamwambia, na uisome yake kabla hujaitia mfukoni.

Basi mwanangu, anayejua Kiingereza usidhani ndiye mwenye amri. Waambie wakubwa zako waulizie kabla ya safari nani na nani watakuwapo na mkubwa wao nani, na tiketi ya kurudi wasiikate ya haraka. Siku za kula na kukaa ni za kazi pia. Mtu akisema tutatazama, usiandike tayari. Mtafute faragha, umpe njia ya kulisema linalomkera bila ya kuaibika yeye wala wewe. Na ukiona kosa, sema, hata kama we ndiye mdogo wa wote. Mimi nilikaribia kumponza ami yangu nikiwa najua kila kitu.

Nenda na radhi zangu. Mungu akufikishe salama, akupe ulimi laini na moyo thabiti, na wakimkalisha mkubwa wa watu mlangoni, akupe nguvu ya kusimama wewe wa kwanza ukamwite aje juu. Amin.