Wakati wa Kula Pangoni

Waandaaji waliliita tamasha la kiangazi. Mwezi wa nane, Kitale! Nadhani waliliona neno hilo kwenye tangazo la Ulaya wakalipenda, kwa sababu siku hiyo tulipanda mlima Elgon tukiteleza kwenye matope, tumevaa sweta mbili mbili, mvua ikitunyeshea bila haya. Pango lenyewe lilinuka ng'ombe, maana wenyeji wa mlimani huwaingiza humo walambe chumvi ya ukutani. Popo walikuwa wengi kuliko watazamaji, na adabu zao zilikuwa nzuri zaidi.

Dada yangu alikuja kushindana. Wazazi wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, lakini yeye aliolewa Matulo, huko Bungoma, na huko akajifunza kamabeka, ile ngoma ya kutikisa mabega, mpaka mawifi zake wakaanza kumwonea wivu. Mimi nilikipigia kayamba kikundi chake cha akina mama. Mshindi angepelekwa kucheza Nairobi, lakini kwa dada hilo lilikuwa jambo dogo. Mumewe alikuwa amechoka kula ugali baridi kila siku ya mazoezi, na asubuhi hiyo alimwambia mbele yetu sote, "Mama watoto, ukishindwa reo, hayo mabega yarudi kwa jembe." Nilimchukia shemeji yangu kwa moyo wote.

Akina mama walicheza mpaka vumbi la pango likatuingia puani. Waliofuata, vijana wa kanisa moja la mjini, walirukaruka kama watu waliokanyaga siafu, halafu wakaenda kuota moto karibu na masufuria ya pilau mlangoni. Hata mtoto angejua nani ameshinda.

Ila mshindi alichaguliwa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya kikundi ulichokipenda, wenye watu wengi ndio washindi. Mtangazaji alikuwa mtu wa Bungoma, mwenye suti nyeupe na ulimi uliokuwa umezichanganya l na r kitambo. Akashika maikrofoni. "Mabibi na mabwana, sasa ni wakati wa kula! Kila mtu apange raini!"

Pango likamrudishia: kula, kula, kula.

Mama alikuwa ameketi karibu nasi. Jirani yake akamwuliza, "Ati amesema kula ama kura?" Mama, ambaye l haijawahi kumtoka mdomoni tangu azaliwe, akajifunga leso. "Si amesema kura! Haraka, tukure kabra nyama haijaisha."

Wakaenda wote. Wale wa kutoka Bungoma, waliomwelewa mtangazaji vizuri kabisa, nao waliinusa pilau wakaamua kutomwelewa. Foleni ilianzia kwenye masufuria, walipokuwa wale vijana wakiota moto, ikatoka nje mpaka kwenye mvua. Mtangazaji akaitazama, akafurahi, akawatangaza vijana wa kanisa kuwa washindi. Nilimwendea mwandaaji mkuu nikamwambia kwa hasira kwamba hiyo ilikuwa foleni ya chakula. Alikuwa na sahani mkononi.

"Wananchi wameamua, bana," alinijibu.

Nimeshuhudia chaguzi kadhaa tangu hapo, na sijaona tofauti kubwa.

Niliporudi nilimkuta mtu mmoja tu amesimama nyuma ya kikundi chetu. Alikuwa shemeji, na viatu vyake vya mpira vilivyojaa matope, mikono nyuma, wima kama mwanafunzi paredi. Yeye alikuwa ameelewa neno lile sawasawa, kwa kuwa ndivyo anavyolisema mwenyewe. Alikuwa na njaa, ilionekana, lakini hakusogea.

Dada alikuwa akilia bila kujificha. Akamgeukia. "Haya, umefurahi? Nimeshindwa. Kesho nashika jembe."

Shemeji akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Jembe gani? Utaachaje kucheza, na mimi nimekupigia kula?"