Mshumaa wa Anicet

Siku zabibu za kwanza zinapoingia ghalani, Honorine Vilarem huwasha mshumaa na kuuweka chini, sakafuni kabisa, hatua moja ndani ya mlango. Hasali. Hana mazoea hayo, na padri wa Banyuls, mji wao mdogo wa pwani ya Ufaransa, analijua hilo vizuri. Mshumaa ule ni mlinzi. Mvinyo mchanga ukichacha hutoa hewa nzito isiyoonekana, nayo hulala chini kama maji na kupanda kidogo kidogo. Ikiufikia mshumaa, unazimika. Ikimfikia mtu puani, naye vivyo hivyo.

Anicet, kaka yake, alizimika hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yao akawaambia watu kuwa ni moyo. Mkulima wa mizabibu kuuawa na mvinyo wake mwenyewe ni aibu, sawa na baharia kuzama kwenye karai. Basi ikawa moyo, ikaandikwa moyo, na Honorine, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, akafundishwa kusema moyo. Sasa ana sitini na mitatu, vidole vya zambarau mpaka Krismasi, ulimi mkali kama siki, na bado husema moyo.

Mume alikuja, akaondoka. Alidai nyumba ile inanong'ona. Hakusema uongo. Msimu wa kuchacha mapipa hunong'ona mchana kutwa, sauti ya watu wengi walio chumba cha pili, wanaomsengenya mtu aliye karibu. Ili asibaki peke yake na sauti hizo, ingawa yeye hudai anatafuta hela za kutengeneza paa, Honorine hupangisha nafasi sita za mahema chini ya miti ya mialoni, juu kidogo ya bahari. Ikifika Agosti pale hujaa magodoro ya upepo, nguo za kuogelea zilizoanikwa matawini, na watu wa mjini wanaouliza choo kiko wapi huku wameegemea mlango wake.

Familia ya Delmas, watu wa Toulouse, ilikuwa imekuja mwaka wa nne mfululizo. Friji hawakuwa nayo, kwa hiyo siagi, jibini na matikiti yao waliyaweka ghalani, kule mwisho penye baridi, ukishashuka ngazi tatu. Tangu mwaka wa kwanza Honorine aliwapa sharti moja.

"Mshumaa ukiwa umezimika, hakuna kuingia. Hata kama siagi inayeyuka."

"Kwani ni wa nini, Bi Honorine?" aliuliza Apolline, binti yao, mwenye maswali kuliko polisi.

Hapo ndipo angesema. Maneno yalimfika mdomoni, yakakuta yale mengine yamekaa kitako miaka mingi.

"Wa kaka yangu. Alikufa humu. Moyo."

"Maskini wee," alisema Clarisse, mama wa mtoto. Tangu siku hiyo walipita mlango ule kwa kunyata, kama wapitao kanisani.

Mwaka huo wa nne, Apolline akiwa na miaka minane, upepo wa milimani ulikatika. Upepo ule huwakera watu na kung'oa mahema, lakini ulipokosekana juma zima kila mtu aliingiwa na wasiwasi asioweza kuueleza. Turubai hazikutikisika. Majani ya mizabibu yalining'inia. Asubuhi mshumaa ulizimika. Honorine akaufungua mlango wazi kabisa ili hewa itoke, akauwasha tena adhuhuri, nao ukazimika mbele ya macho yake, wima, bila kucheza, kama jicho linalofumbwa. Mbwa wake, apendaye kulala pale kizingitini, alikuwa amejitupa kwenye jua kali. Honorine akauacha mlango vilevile, akapanda shambani. Sharti si walikuwa wanalijua?

Alirudi saa tisa alasiri. Wapiga kambi wengi walikuwa baharini, na chini ya mialoni kulikuwa kimya. Alitupa jicho mlangoni kwa mazoea. Mshumaa ulikuwa unawaka.

Ila haukuwa sakafuni. Ulikuwa juu ya rafu, usawa wa kichwa chake, ukiwaka vizuri, mwali umenyooka. Chini yake hapakuwa na kitu, sakafu nyeusi tu.

"Nani kauinua?" alipaza sauti. Mapipa yalinong'ona.

Clarisse alitoka hemani akijifuta mikono. "Si Apolline huyo. Anasema kaka yako kila mara anazimikiwa huko chini, anamwonea huruma, ndiyo maana kauwasha huko juu. Nimemtuma tikiti. Kwani vipi? Si unawaka?"

Honorine alikuwa akitazama ndani. Alikuwa ameona, kule chini ya ngazi, ndala ya manjano, na mguu ukiwa bado ndani yake.

Clarisse naye akauona. Alichomoka mbio. Honorine akamdaka nywele, akamvuta nyuma kwa nguvu asizojua anazo, akambwaga vumbini.

"Niache! Mwanangu yule!"

"Ukiinama pale nitazika wawili! Kaa! Utanichukia baadaye."

Akavuta pumzi ndefu, akaifunga kifuani, akaingia. Hakukimbia, maana mwenye kukimbia huhema. Macho yalimchoma. Kila pipa alilolipita lilinong'ona, na kifua kikaanza kumgonga kwa ndani kikidai kufunguliwa. Alimshika mtoto vifundo vya miguu na kumburura, kichwa kikigonga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka juani.

Midomo ya Apolline ilikuwa ya buluu. Clarisse alimpigapiga mashavu, akampulizia, akaliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kisha mtoto akakohoa, akatapika, akalia, na hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu kama kile.

"Nilimpandisha," alisema alipopata sauti, "ili asikae gizani."

"Ulituambia ni wa marehemu!" Clarisse alimgeukia Honorine. "Mtoto wangu kauinua kwa heshima, mwanamke wewe! Kwa heshima!"

Siki yote ilimkauka Honorine ulimini. "Haukuwa moyo," alisema. Akaeleza: hewa, sakafu, mshumaa. Maelezo hayakumaliza dakika moja. Dakika hiyo alikuwa nayo miaka minne, na alijichukia waziwazi, hakujificha uso.

Apolline alimtazama kutoka mapajani kwa mama yake. "Na kaka yako alivutwa na nani?"

"Hakuna," alisema Honorine. "Mama yangu alinikamata nywele mlangoni. Anicet alikuwa bado anakoroma mle ndani. Tulikaa tukamsikiliza mpaka akanyamaza."