Kisosi cha Pili cha Mama Wembe

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, hasa ndugu zangu, lakini shangazi yangu namvulia kofia. Ni kinyozi, na wateja humwita Mama Wembe. Shingoni ana kovu refu tangu alipotolewa tezi yenye saratani, tezi ambayo kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikiishambulia kwa miaka mingi. Mteja mgeni akilikodolea macho kovu hilo na kuuliza nani alimnyoa, humjibu, "Mwanafunzi wangu. Tulia, namwita aje akumalizie."

Tangu upasuaji humeza kidonge kila asubuhi kishike kazi ya ile tezi. Baadaye akaonekana ana upungufu wa damu, akaongezewa vidonge vya madini ya chuma. Badala ya kupata nafuu, akazidi kunyong'onyea. Alivaa sweta juani, akasinzia amesimama. Siku alipomkata mteja sikio, aliufunga wembe wake kwa kitambaa akauweka kabatini. Tuliamini saratani imerudi. Yeye pia aliamini. Nilimwona akijipapasa shingo kila mara.

Mumewe alimpeleka hospitali, nami nikafuata. Daktari alisoma vipimo, akasema saratani haijarudi, ila dawa ya tezi haifanyi kazi. "Unazimezaje dawa zako, mama?"

"Hilo niulize mimi," mumewe akadakia, kifua mbele. "Kila alfajiri nampangia zote kwenye kisosi kimoja, na chai ya maziwa pembeni. Hajakosa hata siku moja."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba vidonge vya damu hukinasa kile cha tezi humo humo tumboni, kisiingie mwilini. Cha tezi kimezwe kwa maji kabla ya kula chochote, na vya damu vingoje mpaka mchana.

Mzee wa watu akanywea. Mimi nikapandwa na hasira. "Kuanzia leo vidonge napanga mimi!"

"Wewe?" Shangazi akanitazama juu mpaka chini. "Funguo zako tu zinakushinda. Mume wangu hasahau. Ataongeza kisosi cha pili, basi."

Nikafyata mkia.

Miezi ikapita, wembe ukatoka kabatini. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa mumewe, na madevu aliyoyafuga muda wote ule akidai eti ni fasheni. Kumbe hakutaka kinyozi mwingine amguse.

Siku hizi kila mchana mzee huyo huvuka barabara polepole, kisosi cha pili mkononi, madereva wakimpigia honi wee mpaka wachoke. Akiingia saluni, shangazi husimamisha kazi. Mteja atabaki na povu lake shavuni, apende asipende. Shangazi humeza, hunywa maji, kisha humrudishia mumewe kisosi kwa mikono miwili.

"Ahsante, daktari wangu."