Bunduki ya Kiboko

Juzi nilikuwa kwenye afisi ya DC hapa Homa Bay, nikingoja zamu yangu, mzee mmoja wa kando ya ziwa alipovua kofia akamwambia karani, mtu wa Pwani: "Nataka ruhusa ya bunduki. Kiboko inanisumbua."

Karani akaweka kalamu chini. "Kiboko kiliondoka na mkoloni, mzee wangu. Nani anakuchapa?"

"Hainichapi. Inakula mahindi yangu."

Tulicheka sote, mzee naye. Angesema "ananisumbua", karani angejua ni mnyama. Lakini huku kwetu sarufi huachwa nyumbani.

"Sasa tuko na Uhuru," mzee akaendelea. "Katiba hainipi haki ya bunduki?"

"Bunduki si haki, mzee, ni ruhusa. Tutakutumia askari wa wanyama, aje na yake."

"Hiyo bunduki ni ya serikali?"

"Ndiyo."

"Na kiboko?"

"Pia ni wa serikali."

"Na mahindi?"

"Hayo ni yako."

Mzee akavaa kofia yake, ameridhika kabisa. "Basi haki yangu nimeiona. Mwambie askari aje haraka, kabla serikali haijamaliza kula."