Gari la Macho la Kibondo

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo, mwaka 2012, sikupewa spana. Nilipewa boksi lililokunjuliwa. Msimamizi wa Magari, mzee wa Tanga aliyezeekea kwenye magereji ya bara, alinipeleka nyuma ya stoo akanionyesha gari refu jeupe, usukani kushoto, mapazia madirishani na kutu imekula kingo za milango.

"Hili linavuja, fundi," akasema. "Kila aliyekutangulia kaja akafungua injini. Wewe usifungue kitu. Tandika boksi hilo uvunguni, kesho tuonane."

Lilikuwa gari la kulala, aina ile ambayo Wazungu huitumia kutembelea nchi: ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati na tangi la maji. Shirika la hisani lililoniajiri lilipewa gari hilo kama msaada, likaligeuza kliniki ya macho ya kuzungukia vijiji. Muuguzi Adela, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, alipima watu humo, akapika uji wake humo na kulala humo. Wenyeji waliliita Inzu, yaani nyumba kwa Kiha chetu.

Asubuhi boksi lilikuwa na madoa. Mzee akachuchumaa kando yangu. "Gusa. Nusa. Ndipo useme."

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yangu yote katika gereji za serikali nilikuwa nabahatisha. Ninyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari, nisikilizeni. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na huchafua kidole hadi jioni. Oili ya gia boksi ni nzito, ina harufu kama ya kiberiti. Mafuta ya pawa staringi, yanayolainisha usukani, aghalabu ni mekundu. Dawa ya rejeta ina rangi na harufu tamutamu. Dizeli hutanuka upesi kwenye boksi na harufu yake haijifichi. Mafuta ya breki hayana rangi ya kutisha, lakini yakimwagikia bodi huvua rangi yote. Doa kubwa kuliko yote siku ile halikuwa na rangi, utelezi wala harufu. Nilifuata mpira juu, nikafika kwenye sinki. Yalikuwa maji ya kuoshea vyombo. Mafundi waliotangulia walikuwa wamebadilisha wota pampu nzima ya injini kwa sababu ya bomba la sinki lililolegea! Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Doa jeusi lilikuwa jambo jingine. Lilidondoka pale injini inapokutana na gia boksi, na kila mtu alisema sili ya nyuma ya krankshafti, ule mpira unaozuia oili isitoke, imekufa. Kuibadilisha kunataka kushusha gia boksi yote. Mzee akakataa. "Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea." Tukaosha injini kwa dizeli na sabuni, tukaikausha, tukaipaka poda ya watoto, kisha nikaliendesha hadi nje ya mji na kurudi. Kwenye poda ile oili ilikuwa imechora njia yake waziwazi, kutoka juu kabisa, kwenye gasketi ya tapeti kava. Ule ukawa mfuniko wa kufungua kwa spana ndogo, kazi ya asubuhi moja. Gia boksi haikuguswa.

Tangu hapo nikaanza kulipenda gari lile. Kila wiki nilimwaga maji yaliyojikusanya chini ya filta ya dizeli, maana dizeli yetu ilikaa kwenye mapipa na mapipa huingia maji. Nilipuliza filta ya hewa kila tulipotoka barabarani, vumbi jekundu la huko mnalijua. Mipira yote niliiminya kwa vidole: inayobonyea ikarudi ni mizima, inayotoa sauti ya kupasuka imekwisha. Dereva alipohamishwa nikapewa na usukani, nikawa fundi na dereva. Nilizunguka na Muuguzi Adela mpaka Makere na Kagerankanda upande wa Kasulu, na Nyabibuye upande wa mpakani, kwetu nilikozaliwa.

Nyabibuye ndipo anapokaa dada yangu Yunisi, aliyenilea baada ya mama kufa. Siku tulipoegesha pale zahanati alikuja na wenzake, akanisalimu, "Mwakeye, Elia," kisha akapanda ngazi ya gari kwa maringo, kama anayeingia nyumbani kwa mdogo wake. Alikuwa analalamika kwamba anajigonga kwenye milango. Muuguzi Adela alimpima kwa muda mrefu, halafu akaniita na mimi niingie.

"Mama, hii ni presha ya macho," akamwambia. "Kilichokwisha kupotea hakirudi, nisikudanganye. Kilichobaki tunakilinda kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuacha. Nao ni ugonjwa usiouma. Usingoje maumivu."

"Dawa italetwa na nani huku?"

"Na gari hili la mdogo wako."

Dada akalipiga gari ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe wake begani. "Basi nimepona," akasema.

Kila mzunguko tulimpelekea chupa zake, yeye na wagonjwa wengine wa namna hiyo. Macho yake yakabaki pale pale, hayakuharibika zaidi. Ile ndiyo miaka yangu mizuri kazini, na laiti ningalijua ni michache kiasi gani ningaliitazama vizuri zaidi.

Mzee wa Tanga alistaafu akarudi kwao. Akaja Meneja wa Usafirishaji kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, msomi wa mambo ya magari na bajeti. Sina la kumsingizia. Alitusikiliza sote, na mimi aliniita Mzee Elia.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nikaona mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo chake. Nikatandika boksi, likabaki kavu. Nikakagua magurudumu yote kwa ndani, makavu. Mabomba makavu. Naongeza, yanapungua. Mvujo usioonekana ndio wa kuogopwa kuliko yote. Nikalegeza masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, nikaivuta mbele kidogo. Nyuma yake palikuwa pamelowa. Mafuta yalikuwa yanapita kwenye mipira iliyochakaa na kuingia ndani ya busta, lile pipa linalosaidia mguu kukanyaga breki, na humo hakuna anayeyaona. Nilijaribu kuweka mipira mipya iliyotafutwa Kasulu, lakini ukuta wa silinda wenyewe ulikuwa umeshachimbika. Ilitakiwa masta silinda mpya, kitu cha kushika kwa mkono mmoja.

Nikaenda kwa Meneja. "Gari hili lisitoke kituoni," nikamwambia. "Kwa miteremko yetu, siku pedali itakapozama hatutarudi."

"Uko sahihi kabisa, Mzee Elia," akasema. "Lisimame kuanzia leo. Tutaagiza."

Nilitoka nimefurahi, kwa sababu mabosi wengi wangenilazimisha kuondoka nalo. Muuguzi Adela alinisubiri mlangoni. "Wamesema lini?" akauliza. Nikamwambia wataagiza. Akatikisa kichwa.

Kisha Warundi wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu, na kazi zote za shirika zikageukia kambi ya Nyarugusu. Nikahamishiwa Kasulu kutengeneza malori ya maji. Muuguzi Adela akapangiwa kambini, akaniambia ameomba gari dogo walau la kupeleka dawa vijijini, akajibiwa asubiri. Jumapili moja nilimuuliza fundi mmoja Mkongo mle kambini, mtu hodari, kama anaweza kunipatia ile spea kwa watu wake. Akaigeuza mkononi ile mbovu niliyokuja nayo. "Papa, hii piyesi haiko huku. Hata Bukavu haiko."

Nikamfuata Meneja tena.

"Mzee wangu," akasema, "watu wanalala chini ya miti. Siwezi kuomba spea ya gari la zamani kiasi kile. Na wewe mwenyewe ulisema si salama."

"Nilisema si salama likiwa hivyo. Sikusema halitengenezeki."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Makao makuu hawaoni tofauti. Nilipowaambia fundi kalisimamisha, walilifuta kwenye orodha ya magari."

Ikatangazwa makanisani na misikitini kwamba wagonjwa wa macho wa vijijini wajifikishe wenyewe hospitali ya Kibondo. Nikampigia dada simu. Nikamwuliza tangazo amelisikia, amelisikia. Nikamwuliza dawa anayo, anayo. Macho je? "Sijambo, mdogo wangu. Fanya kazi, watu wana shida."

Nilipata likizo mwisho wa mwaka. Nilipofika Nyabibuye alitoka nje akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, uso ameuelekeza pembeni mwangu.

"Dada, dawa si ulisema unayo?"

"Nilikuwa nayo. Nilikuwa naibana, tone moja leo, jingine baada ya siku kadhaa, inifikishe mpaka mje."

"Lakini tangazo ulilisikia. Uende Kibondo."

"Wengine walikwenda," akasema. "Mimi nikawaambia, lile gari fundi wake ni Elia. Halijawahi kumshinda."

Niliingia ndani nikakaa kwenye kiti cha marehemu shemeji, nikasikia anaanza kuchambua maharage uani kwa vidole, akiyahesabu mawe anayoyatupa.

Nilistaafu muda mfupi baadaye nikahamia kwake. Nikikaa na mafundi vijana huwaambia kwamba mtu anayesimamisha gari bovu anafanya vyema, na ningelisimamisha tena hata leo. Lakini fundi hufundishwa kutafuta kinachovuja. Hafundishwi la kufanya akishakisema na wenye kuamua wakalitumia neno lake kufunga mlango. Hilo mimi sijalijua bado. Muuguzi Adela alipokuja kututembelea nilimwuliza, naye hakulijua.

Jumapili humshika dada mkono hadi kanisani. Njiani, gari zito likipita, huinua kichwa.

"Elia, Inzu imepona?"

"Bado, dada. Tunangoja spea."

"Itakuja," husema, na kunibana mkono ili nisivunjike moyo. Sijaweza kumwambia kwamba walilikata likauzwa vyuma chakavu.